Kataza ruta, ruhusu swichi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hii sheria ya hosteli nyingi za wanafunzi inayosema marufuku kuchomeka kifaa chochote cha mtandao kwenye tundu la ukutani zaidi ya kompyuta moja. Chumba wanakaa watu wawili au watatu, tundu ni moja, na kuna leptopu, kompyuta ya mezani, printa, pengine na mashine ya gemu. Basi watu wanashinda wanachomoa na kuchomeka waya, mpaka kile kiplastiki cha kubania kwenye kichwa cha waya kinavunjika, waya unalegea, intaneti inakatakata.

Jamani, swichi (kisanduku kinachogawa waya mmoja wa mtandao kwa vifaa vingi) na ruta (kisanduku kinachotengeneza mtandao wake kidogo ndani ya mtandao mwingine) sio kitu kimoja. Swichi ya kawaida ile ndogo ya matundu matano haina hata seting, unaipa umeme, waya mmoja unaenda ukutani mingine kwenye vifaa, na kila kifaa kinaomba anwani yake ya IP, yaani namba ya kukitambulisha mtandaoni, kwenye mtandao wa hosteli kama vile kimechomekwa chenyewe. Cha kuangalia tu ni usichomeke waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo, maana data zinaanza kuzunguka bila kuisha na mtandao unaweza kulala.

Ruta ndo yenye hatari kubwa zaidi kwa sababu inagawa anwani zake yenyewe, mtu akikosea akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la kuunganisha vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kuingizia intaneti), basi kompyuta za vyumba vya jirani zinaweza kupokea anwani kutoka kwake, mara nyingi zile zinazoanza na 192.168, unaona umeunganishwa kabisa lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kuna mitandao imewekewa ulinzi wa kuzuia hilo, ila sio yote.

Sasa kinachoniuma ni hiki: kuna hosteli zinaweka seting kwamba tundu moja likubali anwani moja tu ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani), ukichomeka swichi yenye vifaa viwili tundu linaweza kujifunga na mwanafunzi anadhani swichi yake mbovu. Lakini ruta inapita bila shida, kwa sababu inaficha vifaa vyote nyuma yake na mtandao unaona kifaa kimoja tu! Yaani sheria yenyewe ndo inawasukuma wanafunzi kwenye kitu kilekile wakubwa wanachokiogopa, halafu likitokea tatizo watu wa IT hawajui ni kompyuta ipi kati ya zile zilizojificha. Kwenye swichi kila kifaa kinaonekana na anwani yake, na kama vimesajiliwa mwenye nacho anajulikana mara moja.

Kwahiyo ombi langu kwa wenye hosteli, ongezeni hiyo idadi ifike hata vifaa vitano kwa tundu, ni suala la kubadilisha namba kwenye mitambo yenu wenyewe, ruhusuni swichi na muikataze ruta kwa jina lake. Hiyo idadi iandikwe kwenye fomu ya kuingia chumbani, pamoja na namba ya simu ya mtu wa IT anayepokea hata wikiendi, maana tundu likijifunga Ijumaa jioni mwanafunzi anakaa bila mtandao mpaka Jumatatu na kazi ya kukusanya iko palepale.

Ni mimi msomaji wako,
Mkazi wa hosteli