Asilimia ya watoto wa Bagamoyo mmeiacha wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna magazeti yetu, lako likiwamo, yanavyoandika habari za utafiti wa afya.

Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo ya malaria ya R21, karibu kila habari niliyoisoma au kuisikia ilibeba namba moja: kwamba inapunguza malaria kwa asilimia 75. Namba hiyo ni ya kweli, ila si yetu. Ilitoka Nanoro, Burkina Faso, na Bougouni, Mali, ambako malaria huja kwa msimu na watoto walichanjwa kabla msimu haujafika. Majaribio hayohayo yalifanyika pia hapa Bagamoyo na kule Kilifi, Kenya, kwenye malaria ya mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2024 katika jarida la Lancet yanaonyesha kuwa kwenye maeneo ya aina yetu chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 68 katika miezi 12 baada ya dozi ya tatu. Damu ilitolewa na watoto wa hapa, redioni zikasomwa namba za kwingine.

Asilimia 68 si haba. Lakini ina maana gani? Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wazazi wengi ninaokutana nao wanaamini kwamba kati ya watoto 100 waliochanjwa, 75 hawatagusa malaria maisha yao yote. Sivyo. Watoto wasiochanjwa wakiugua malaria mara 100 katika mwaka huo, kundi la idadi ileile lililochanjwa litaugua kama mara 32. Aliyechanjwa bado anaweza kuugua, na chandarua kinabaki palepale kitandani. Mwandishi anahitaji sentensi mbili tu kulieleza hilo. Asipolieleza, siku mtoto mwenye chanjo akipanda homa jirani anasema, "Si tuliwaambia, mlikuwa mnajaribiwa?"

Jambo jingine ambalo sijaliona gazetini hata mara moja: watoto wa kundi la kulinganisha walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuna sababu nzuri. Kila mtoto alipata sindano, wazazi hawakujua nani kapata ipi, na wale ambao hawakupata ya malaria hawakutoka mikono mitupu. Lakini mzazi akilisikia hilo kwa mara ya kwanza kijiweni, atafikiria nini?

Halafu kuna neno "ushirikiano", ambalo waandishi hulinakili kutoka kwenye taarifa za taasisi na kuliacha hivyohivyo. Katika R21, mdhamini wa majaribio (yaani mwenye dhamana ya kuyasimamia, si lazima mlipaji) alikuwa Chuo Kikuu cha Oxford, mtengenezaji ni Serum Institute ya India, na hapa Bagamoyo kazi ilifanywa na Taasisi ya Afya Ifakara. Mimi sina ugomvi na yeyote kati yao. Nataka mwandishi aulize maswali ya kawaida ambayo angeuliza kwenye mkataba wa barabara: nani analipa, nani anamiliki takwimu, sampuli za damu zinahifadhiwa wapi, na zikisafirishwa nje mkataba wake unasemaje. Na chanjo ikishathibitishwa, waliojaribiwa wanaipata lini? Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti ambao watafiti wote wa tiba wanaujua, linataka suala hilo lipangwe kabla utafiti haujaanza. Linataka pia kila mshiriki apewe nafasi ya kuelezwa matokeo kwa ujumla. Sisi huku tunauita mrejesho.

Mrejesho ndipo tunapokwama. Kabla ya utafiti wowote, mikutano huwa mingi: mwenyekiti wa kitongoji anaitwa, wazee wanakaa, fomu ya ridhaa inasomwa kwa Kiswahili hadi mtu achoke. Matokeo yakitoka, mazungumzo yanahamia ukumbi wa hoteli Dar es Salaam, kwa Kiingereza, mbele ya "wadau". Mwandishi anakaa hadi chai ya saa nne, anachukua taarifa iliyokwisha andikwa (na bahasha yake, tusifichane) na anaondoka. Mzazi aliyempeleka mtoto kupimwa kila alipoitwa hayupo ukumbini, na kesho yake hayupo kwenye habari.

Aprili 2020, daktari mmoja na mtafiti mmoja walijadili kwenye televisheni ya Ufaransa wazo la kufanya Afrika majaribio ya kutumia chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona. Afrika nzima iliwaka, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani akayaita matamshi hayo ya kibaguzi. Hasira ilikuwa halali, na vyombo vyetu viliiandika kwa siku kadhaa. Lakini video ile ilisambaa hadi vijijini kwa WhatsApp, wakati majaribio halisi, yaliyopata vibali vya taasisi zetu wenyewe na kufanywa na wanasayansi wetu, hayakupata hata robo ya wino ule. Mtu asiyesikia habari za utafiti ila siku ya kashfa, kila gari la utafiti likiingia mtaani atalitazama kwa jicho hilo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mtume mwandishi Bagamoyo, asiyealikwa na mtu. Akae kliniki ya watoto asubuhi moja, awaulize kina mama walioshiriki waliambiwa nini mwishoni, kisha aende kwa watafiti na majibu hayo mkononi. Atakayoyapata yachapeni kwa Kiswahili, na asilimia yetu iwemo.

Msomaji wako,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Bagamoyo, Pwani