Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka huu tunaoufunga

Ndugu wanachama, habari za muda.

Shughuli za kawaida ntazipitia haraka maana waliokuwepo wanajua na ambao hawakuwepo waliona picha kwenye grupu. Usafi wa ufukwe Shangani hapa Mtwara tulifanya, damu tulichangia, Mikindani tulienda kuhamasisha watu wameze kingatiba ya mabusha na matende, kamati ilichaguliwa. Basi.

Sasa nije kwenye lile lililonitoa jasho mwaka mzima, yaani programu ya utangulizi ya wanachama wapya na ile dhamana ya shilingi 3,000, ambayo mgeni anaiweka akianza na anarudishiwa akihudhuria, na baadhi yenu mmeipa jina la faini ya kusoma.

Tukumbushane tulikotoka. Zamani mgeni alikuwa anakaribishwa kwa semina ya siku moja, ukumbi unajaa, mtoa mada anaongea mpaka watu wanasinzia, pilau inakuja, picha, fulana, kwisha. Mwaka jana pilau ilitoka saa nane, saa nane na nusu ukumbini nilibaki mimi, katibu na kijana wa spika anakunja waya zake. Wiki iliyofuata tukaitisha kikao wakaja wale wale tunaojuana. Sasa kama tunasema sisi ni kikundi cha kutenda mema kwa akili, si kwa mbwembwe, hela ya pilau ile tuliitendea wema gani?

Ndo nikapendekeza (na kamati ikapitisha, msije mkasema niliamua peke yangu) wiki sita, makundi matano ya watu sita sita au saba, kila kundi na kiongozi wa mjadala ambaye kazi yake ni kuuliza, sio kuhutubia. Unapewa kurasa tatu nne unasoma nyumbani, mnakutana kwa muda wa saa moja na nusu mnabishana. Kurasa zile za Kiswahili aliziandaa nani usiku usiku na umeme wenyewe huu, sitaki kulisema sana, anayejua anajua.

Wiki ya kwanza tulianza na ule mfano wa mwanafalsafa Peter Singer wa mwaka 1972, unapita unaona mtoto anazama kwenye dimbwi, utaogopa kuchafua nguo? Na mtoto akiwa mbali usikomwona je? Kijana mmoja wa Newala akajibu, "Kwetu kila kiangazi dimbwi lipo na mtoto yupo, hizo nguo ndo sina." Kundi lilibishana mpaka adhana ya magharibi. Semina gani ya pilau iliwahi kutoa swali kama hilo?

Halafu tukaja kwenye minyoo, utafiti wa wachumi Miguel na Kremer kule Busia, Kenya, uliotoka 2004, kwamba kuwapa watoto dawa shuleni kulipunguza utoro kwa kama robo. Kremer ni yule aliyepata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee na Duflo. Nilisisitiza viongozi wa mjadala waseme pia kwamba wataalamu wengine walizichambua upya data zile wakapinga baadhi ya matokeo, maana mgeni akifundishwa majibu tu bila ubishi ataondoka na imani, hataondoka na akili. Ile mada ya kuahidi kutoa msaada asilimia 10 ya kipato, ambayo wenzetu wa Giving What We Can walioanzia Oxford 2009 wanaitilia mkazo, niliiondoa. Mtu anasubiri bumu, hela ya mkopo wa chuo, halijaingia utamwambia aahidi asilimia 10 ya nini?

Wiki ya nne ndo nikachomwa kwa moto wangu mwenyewe. Tulisoma utafiti wa Cohen na Dupas wa 2010, kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, ambapo neti ikitolewa bure karibu kila mama anachukua, ikiuzwa hata senti 60 za dola wachukuaji wanaporomoka kwa pointi 60 kati ya 100, na waliolipa hawakuonekana kuitumia neti zaidi ya waliopewa bure. Mwanachama mmoja akasimama akasema, mwenyekiti, si ndo hiki unachotufanyia na 3,000 yako? Watu wakapiga makofi.

Jibu langu halijabadilika. Kwanza neti ukiilipia hela hairudi, dhamana ukihudhuria inarudi yote. Pili, mama asipotundika neti anajiumiza yeye na mwanawe, ila wewe usipokuja kwenye kundi la watu sita umewaharibia watano waliosoma. Na aliyesema hana, alisamehewa kimya kimya, nani aliyerudishwa mlangoni? Atajwe.

Namba hizi hapa kwa pamoja. Walioanza 32, wote kwenye daftari wameandikwa, waliosamehewa kamati iliwalipia mfukoni. Waliomaliza na kustahili kurudishiwa 23, wakabaki 9 ambao dhamana yao haikurudi, sawa na shilingi 27,000. Wanachama kwenye rejista 64, waliolipa ada ya 5,000 ni 19, yaani 95,000. Jumla ya mapato 122,000. Fotokopi 38,500, vitumbua na maji 31,000, bajaji za Mikindani 24,000, salio 28,500. Zile 27,000 sijala, ndo fotokopi hizo.

Na hapo kwenye 19 niseme ukweli inaumiza. Kila nikidai naambiwa mwenyekiti subiri mnada wa korosho upite, minada ikapita, malipo yakaingia kwa wazee huko vijijini, nikaambiwa sasa mpaka msimu ujao. Wanaopinga 3,000 inayorudi ni hao hao ambao 5,000 ya mwaka hawajatoa. Mkutano mkuu uliopita tulikaa saa mbili tunasubiri akidi, ikafika baada ya mtu kuvumisha kuna soda.

Mipango ya mbele, tunatarajia Mungu akipenda kupeleka programu Lindi, kupata viongozi wa mjadala zaidi na ikiwezekana mfadhili. Suala la dhamana litapigiwa kura, wenye ada ndo wenye kura.

Waliomaliza na bado wanadai 3,000 zao wamuone mweka hazina Jumamosi kuanzia saa nne, waje na risiti, bila risiti asisumbuliwe.