Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania): tuwekeeni idadi kwenye transkripti

Shikamoo mkuu. Nakuandikia nikiwa Ng'ong'ona hapa Dodoma, sina kesi na mtu, nina transkripti mbili tu mezani (zile karatasi za matokeo ya chuo) zinanichanganya.

Mdogo wangu kamaliza digrii ya hesabu na GPA (wastani wa gredi zote, juu kabisa 5) ya 3.6, rumeti wake kamaliza kozi nyingine (siitaji, wenyewe wana hasira) ana 4.2. Sasa matangazo ya kazi ya tutorial assistant (mhadhiri msaidizi wa kuanzia chuoni) kila siku yanataka kuanzia 3.8, kila mtu angeomba kwenye fani yake ila mstari ni ule ule, mmoja anatuma maombi mwingine anasoma tangazo anafunga simu. Na kuna somo ambalo mdogo wangu alipata B+, darasa zima A zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, wengi waliobaki ni sapu (kurudia mtihani) na kukeri (kurudia somo mwaka unaofuata), huku kwa rumeti kuna masomo nusu ya darasa wana A. Nani jembe hapo? Karatasi haisemi.

Sisemi lekcha wa hesabu ana roho mbaya jamani. Hesabu ukipatia yote unakula 100 na ukikwama mwanzo unaweza kutoka na 20, ila insha nani atakupa 98? Wengi wanarundikana kwenye 55 mpaka 70, halafu sisi tunazijumlisha kama vile ni kitu kimoja.

Nje ndo balaa zaidi. A yetu inaanzia 70, kama first class ya Uingereza, Marekani A kwa kawaida ni 90 na kuendelea, kwa hiyo 72 yako unayojivunia nyumbani kule inasomeka C. Ujerumani wamegeuza kabisa, 1.0 ndo kiboko na 5.0 umefeli, wana fomula yao ya kubadili gredi za nje, inaitwa ya Bavaria, na kwa sisi ambao juu ni 5 na kufaulu ni 2 inaishia kuwa 6 kutoa GPA yako basi. Dogo anatoka na 2.4, rumeti 1.8. Fomula haijui nani alisoma nini.

Wenzetu Ulaya mwongozo wa ECTS (mfumo wao wa kuhamisha krediti za masomo) wa 2015 unavielekeza vyuo kuweka jedwali la mgawanyo wa maksi, kwamba waliopata hii ni asilimia ngapi. Ninachoomba ni hicho tu mkuu, mbele ya kila gredi iandikwe waliofanya mtihani ni wangapi na waliofika gredi hiyo au zaidi ni wangapi. Mifumo ya matokeo ya vyuo inazo hizo namba tayari, ni kuzichapa tu. Najua kuna malekcha wagawaji wa A wataumbuka, waumbuke kidogo.

Ila madarasa ya watu kumi msiweke ya mwaka mmoja, unganisheni miaka kadhaa, la sivyo mtaanika watoto wa watu. Anzeni na watakaohitimu mwakani, hawa waliokwishatoka kama dogo acha wapambane na 2.4 yao.