Redio kolu za porini: leseni kwanza, duka baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye vitalu vya uwindaji, wawindaji bingwa, na wakazi wanaochukua vibali vya kuwinda. Msimu ukikaribia, redio kolu hununuliwa kama betri za tochi. Mtu anaingia dukani Kariakoo, anasoma maandishi ya boksi, analipa na kuondoka. Leseni inakuja kukumbukwa mzigo ukiwa tayari kwenye gari.

Huko ni kuanza na mwisho. Risiti ya duka haimpi mtu haki ya kurusha mawimbi. Masafa hupangwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kifaa chenyewe lazima kiwe cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka hiyo. Ukiomba, ujiandae kueleza mtandao wako wote: eneo na viwianishi vyake (namba za GPS), redio ngapi za mkononi, ngapi za gari, ipo ya kambini au haipo, wati ngapi, antena itasimama mita ngapi kutoka ardhini. Ada za masafa hulipwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usiombe redio ishirini kwa kazi ya redio nane.

Tunasisitiza mfuatano huo kwa sababu ya hasara. Redio ya VHF hucheza kati ya megahezi 136 na 174. Ukiishanunua kumi za aina hiyo, kisha ukapangiwa masafa ya UHF, yaliyo juu zaidi, hakuna fundi wa kuzigeuza. Uliza kwanza, nunua baadaye.

Wageni nao waambiwe kabla hawajapanda ndege. Mmarekani anakuja na redio za GMRS begani, aina ya redio za kwao za matumizi binafsi, na leseni anayo kweli: kule FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, huitoa kwa dola 35, inadumu miaka 10, haina mtihani, na familia nzima huitumia. Mwingine ana zile ndogo za mkononi za FRS, ambazo kwao hazidai leseni hata kidogo. Zote ziko kwenye megahezi 462 na 467, na ruhusa zake zimetoka kwao. Karatasi ya FCC haimpi haki yoyote katika mapori yetu ya Rungwa wala Maswa. Mwenyeji ndiye atakayeulizwa, basi amwandikie mgeni mapema aziache nyumbani. (Na huko huko kwao si kila mahali panaruhusu: Montana inakataza redio za mawasiliano kutumika katika kuwinda wanyama, ili mnyama asizingirwe kwa maelekezo ya hewani. Mwenye kitalu anayejiheshimu angeweka kanuni hiyo kwake pia, redio ikabaki kwa usalama na kuita gari.)

Sasa redio yenyewe. Boksi likisema «kilomita 30», weka chini. Mawimbi ya VHF na UHF hupita karibu mstari mnyoofu, na kinachoamua ni urefu wa antena kutoka ardhini. Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita hadi upeo wa redio. Mtu aliyeshika redio usawa wa mdomo, mita 1.5, anapata kilomita 5. Wawili wa hivyo wanapata 10 kwenye uwanda mtupu. Ndani ya miombo yenye majani, au mmoja akiwa korongoni, hupungua sana. Gari lenye antena ya mita 2.5 lina 6.5. Kambi yenye mlingoti wa mita 12 ina 14. Kambi na gari, basi, ni kama kilomita 20, na fedha iliyojenga mlingoti imefanya kazi kuliko ile ya kuongeza wati. Kutoka wati 5 hadi 10 sikio halioni tofauti kubwa, ila betri inaiona.

Kwa vitalu vyetu vya misitu na nyasi ndefu tunapendelea VHF, kwa kuwa majani, hasa mabichi, humeza zaidi mawimbi ya UHF. UHF ina faida ya antena fupi, ikafaa kambini na kwenye majengo. Antena yenye urefu wa robo ya wimbi kwenye megahezi 150 ni karibu sentimita 50. Kile kisiki cha mpira cha sentimita 15 kinachokuja na redio ya VHF kinabana nafasi na kupoteza nguvu. Nunua ile ndefu inayopinda, iwe ya masafa yako. Na mtu asizungumze redio ikiwa kiunoni kwa kipaza cha waya, maana mwili unakinga mawimbi. Aibandue, ainyanyue wima karibu na uso.

Kwenye gari, antena ikae katikati ya paa la bati. Wengi huifunga kwenye bampa la mbele kwa kuogopa matawi, halafu wanalalamika kwamba redio inasikika upande mmoja tu. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si kwenye kiberiti cha sigara: redio ya wati 25 inavuta karibu ampea 6 ukibonyeza kitufe, soketi ile inachoka, volti zinashuka, sauti inakatika katikati ya neno. Kabla ya safari, fundi apime SWR, kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena. Ikizidi 2, tafuta kiunganishi kilicholegea au kilichoingia maji kabla ya kulaumu redio.

Ugomvi mwingi tunaoletewa, hata hivyo, si wa vifaa. Ni wa kuchanganya. Redio moja imepangwa upana wa chaneli wa kilohezi 25, nyingine 12.5: mmoja anasikika kwa mbali kama yuko shimoni, mwingine anakwaruza. Au toni, yaani alama ya chini chini inayofungua spika ya mwenzako, hazifanani, taa inawaka lakini sauti haitoki. Toni, kwa taarifa tu, haifichi maneno. Inamzibia msikilizaji kelele za wengine, na yeyote aliye kwenye masafa hayo anakusikia. Redio zipangwe zote kwa kompyuta, faili moja, na kibodi ifungwe. Redio za bei nafuu zinazoruhusu kuandika namba yoyote ni mtego: kijana anachezea vitufe, anaangukia 156.800, ambayo ni chaneli 16 ya dharura ya vyombo vya majini, au masafa ya watu wengine wenye leseni yao.

Wakati wa kupanga, zima mlio wa mwisho wa maneno na zima VOX, ile inayorusha kila inaposikia sauti bila kitufe kubonyezwa, la sivyo ngurumo ya gari itarusha yenyewe. Weka kikomo cha kurusha cha sekunde 60. Kuna siku kitufe kitabanwa chini ya kiti, na bila kikomo hicho chaneli nzima itazibwa bila mtu kujua ni redio ipi. Anayefuata nyayo avae kisikizi cha sikioni. Nyati aliyejeruhiwa yuko vichakani, na spika ya redio isiwe ndiyo inayomwambia mlipo.

Jambo la mwisho ni ndege ya kumchukua mgonjwa. Tumewahi kuombwa tuweke masafa ya marubani kwenye redio kolu. Haiwezekani, na sababu haiko kwenye karatasi peke yake: marubani huzungumza kwa AM kati ya megahezi 118 na 137, redio kolu ni FM, namna nyingine ya kupakia sauti kwenye mawimbi. Kambi yenye kiwanja cha ndege iulize Mamlaka utaratibu wa redio ya anga, pamoja na ule wa simu ya setilaiti, na viwianishi vya kiwanja viandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya redio ya kambini, kwa namna ile ile kampuni ya ndege inavyovisoma.

Mafundi wa redio za mawasiliano,
Arusha