Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mpangaji Mkuu Alipofunga Milango

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote kwa niaba ya kamati. Mmezoea taarifa hii ianze na hesabu, nazo mmeshagawiwa zikiwa zimekaguliwa, hazina doa. Mimi naomba nianze na supamaketi.

Mwezi wa tatu mpangaji wetu mkuu, aliyekuwa na karibu nusu ya eneo lote la kituo chetu cha maduka, alibandika karatasi kwenye kioo, akahamisha rafu kwa malori kwa usiku mbili, akafunga. Kodi hakuacha kulipa. Kila tarehe moja ilikuwa benki, kamili, bila kukumbushwa. Ndiyo maana wengi wenu mliniuliza, kwa simu na ana kwa ana: kama kodi inaingia, wasiwasi wa nini? Ni swali la haki kabisa, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni jibu lake.

Kituo cha maduka cha mtaa kinaishi kwa mazoea. Watu hawakijii kwa matembezi wala kwa fahari. Wanakijia kwa mahitaji ya nyumbani, mara mbili tatu kwa wiki, na wakishafika ndipo wanapita duka la dawa, kwa kinyozi, kwa dobi, kwa fundi. ICSC, taasisi ya wenye vituo vya maduka iliyoanzishwa mwaka 1957, inakiweka kituo cha namna hii kati ya futi za mraba 30,000 na 125,000, yaani kama mita za mraba 2,800 hadi 11,600, kikihudumia hasa watu wa umbali wa maili tatu hivi, na kwa kawaida nguzo yake ni supamaketi. Nguzo hiyo hulipa kodi ndogo kwa kila mita kuliko maduka madogo. Wanachama wapya hushangaa wakiona hivyo kwenye jedwali la kodi, lakini sababu ni nyepesi: yeye ndiye anayeleta miguu. Duka dogo linapolipa kodi ya juu kwa mita, linalipia ile miguu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufungwa, mimi na mhazini tulikaa kwenye benchi mbele ya duka la dawa tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Maegesho ambayo siku kama ile watu huzunguka kutafuta nafasi yalikuwa wazi, mistari yake yote inaonekana. Mama mmoja alishuka kwenye gari na mtoto, mkononi ana mfuko mwembamba ambao ndani yake unaona kiatu kilichobanduka kisigino. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo cha supamaketi, akasoma ile karatasi mpaka mwisho, akageuka. Alimpita fundi viatu wetu hatua nne tu, wala hakusimama. Nilielewa pale pale. Alikuwa amepanga kukiacha kiatu kwa fundi wakati ananunua mahitaji. Sasa mahitaji atayafuata kwingine, na huko kwingine hakukosi fundi viatu. Mhazini alifunga daftari alilokuwa anahesabia magari, akasema, "Tumeshaona."

Mtaalamu wa masoko David Huff aliliwekea jambo hili hesabu katika miaka ya 1960: uwezekano wa mtu kuchagua kituo fulani hukua kadiri kituo kilivyo kikubwa na hupungua kadiri muda wa safari unavyozidi, ukilinganisha na vituo vingine vyote anavyoweza kuvifikia. Kuta zetu hazikupungua hata tofali moja. Lakini kwa macho ya yule mama kituo kilikuwa kimepungua nusu.

Sasa nifike mahali penye uchungu, yaani mikataba.

Tulipokinunua kituo, dalali alitupa jedwali safi: jina la mpangaji, ukubwa wa duka, kodi, tarehe ya mwisho. Mikataba yenyewe ililetwa kwenye boksi. Tulisoma kurasa za mbele, tukalinganisha na jedwali, tukaona vinalingana, tukaridhika. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na sahihi ni yangu. Mambo yaliyotuumiza mwaka huu yote yalikuwamo ndani ya boksi lile tangu siku ya kwanza.

Kwanza, mkataba wa supamaketi ulimtaka alipe kodi tu. Haukumlazimisha kufungua. Vipo vifungu vinavyomtaka mpangaji mkuu aendeshe biashara mfululizo, au vinavyompa mwenye jengo haki ya kulirudisha eneo likikaa limefungwa kwa muda uliotajwa. Wetu haukuwa na kimoja wala kingine. Pili, mkataba huohuo ulituzuia kumpangisha mfanyabiashara mwingine wa bidhaa za chakula maadamu yeye bado ni mpangaji. Mkiunganisha haya mawili, pamoja na habari kwamba alikuwa amefungua duka kubwa zaidi si mbali na hapa, mtaelewa kwa nini aliendelea kulipa bila manung'uniko. Kwa ile kodi alikuwa ananunua ukimya wetu, mshindani asije. Kisheria hakukosea hata nukta. Sisi ndio tulioukubali mkataba huo pamoja na jengo.

Tatu, na hili ndilo lililogusa mfuko: wapangaji wadogo watano, wale waliokuwa na wanasheria wazuri, walikuwa na kifungu kinachowafungamanisha na mpangaji mkuu. Supamaketi ikifungwa zaidi ya siku 90, wao wanalipa nusu ya kodi, na hali ikiendelea mwaka mzima wanaweza kuondoka bila adhabu. Siku ya 91 barua zao tano zilikuwa mezani kwangu. Sikuwalaumu. Ningekuwa na duka pale ningeandika barua hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kodi ya mpangaji mkuu iliingia yote, na bado mapato yetu yalishuka.

Niwaombe subira kidogo kwa hesabu, maana bila hii hamtaona kwa nini kamati haikulala. Thamani ya kituo cha maduka haipimwi kwa saruji. Mthamini huchukua mapato halisi, yaani kodi na michango ukitoa gharama za uendeshaji, kabla ya marejesho ya mkopo, halafu huyagawa kwa kiwango cha faida ambacho wanunuzi wa majengo ya aina hiyo wanakidai wakati huo. Mapato halisi yakiwa 100 na wanunuzi wakidai asilimia 8, jengo lina thamani ya 1,250. Wanunuzi wakiingiwa na hofu wakadai asilimia 10, jengo lilelile, na mapato yaleyale, lina thamani ya 1,000. Na kama lilinunuliwa kwa mkopo wa 750, mali ya wanachama, ambayo jana ilikuwa 500, leo ni 250. Nusu imeyeyuka, wala hakuna dirisha lililovunjika. Mnunuzi gani hataingiwa na hofu akikuta nusu ya kituo iko gizani? Tena benki yetu inataka mapato halisi yasipungue mara 1.25 ya marejesho ya mwaka. Zile barua tano zilitusogeza karibu na mstari huo kuliko wakati wowote tangu tuanze.

Kamati ilikuwa na njia tatu. Kungoja mkataba wa supamaketi uishe, huku kodi ikiingia na kituo kikinyauka. Kuuza haraka, kwa bei ya mwenye shida. Au kumwomba mpangaji arudishe eneo mapema. Tuliichagua ya tatu, na tulibishana sana kabla ya kuichagua, kwa kuwa ilimaanisha kuiachia kodi ya uhakika tukiwa bado hatuna mwingine wa kuilipa. Wajumbe wawili walipinga na kutaka msimamo wao uandikwe. Umeandikwa. Mwezi wa kumi tulitia sahihi: mpangaji alirudisha funguo, akalipa sehemu ya kodi ya muda uliosalia kwa mkupuo, na kile kizuizi cha bidhaa za chakula kikafutwa. Mimi nautazama ukurasa huo wa kufuta kizuizi kuwa ndio mafanikio yetu makubwa ya mwaka, kupita zile fedha.

Eneo lile hatutalipangisha tena zima. Tumekubaliana na muuza vyakula mdogo zaidi atakayechukua nusu ya mbele, na mkataba wake una kifungu cha kuendesha biashara mfululizo pamoja na haki yetu ya kulirudisha duka likifungwa. Nusu nyingine tunaigawa vyumba vitatu. Kugawa si kuweka ukuta tu: kila chumba kinataka mita yake ya umeme na ya maji, mlango wake wa dharura, choo, na njia ya mzigo kwa nyuma isiyopita mbele ya wateja. Makadirio ya mhandisi yalitushtua, nayo yamo kwenye kiambatisho. Kwa vyumba hivyo tunatafuta huduma ambazo mtu lazima aje na mwili wake: daktari wa meno, kinyozi, tiba ya viungo. Simu inaweza kumletea mtu sabuni mlangoni. Jino haiwezi kulijaza. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, nchi nyingi ziliamuru maduka yafungwe zikayaacha ya vyakula na ya dawa, na vituo vya mtaa vyenye wapangaji wa aina hiyo vilibaki na watu. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi wa kwa nini nusu ya mbele tumempa muuza vyakula.

Fundi viatu hakuhama. Tulimpunguzia kodi kwa hiari, ingawa mkataba wake haukuwa na kile kifungu, pamoja na wengine wanne waliokuwa hali moja naye. Mjumbe mmoja aliniuliza kama huo ni uwekezaji au sadaka. Chumba kikibaki kitupu tunakosa kodi yake na mchango wake wa ulinzi na usafi, halafu tunalipa dalali na ukarabati ili kumpata mwingine. Lakini pia, nasema kwa moyo wangu wote, mtu aliyeamka kila siku akafungua duka mbele ya maegesho matupu anatustahili.

Juu ya michango ya huduma za pamoja nitakuwa mfupi. Mlilalamika, pamoja na wapangaji, kwamba taa tatu za maegesho hazikuwaka kwa wiki kadhaa. Ni kweli. Fungu lilikuwapo, ufuatiliaji ndio uliokosekana. Taa zimewekwa, na sasa meneja anazikagua usiku, si mchana.

Mwezi wa sita tulipelekewa kituo kingine kwa bei iliyoonekana nzuri. Safari hii tulifungua boksi. Wanachama watano walijitolea wakasoma kila mkataba, ukurasa kwa ukurasa, kwa wiki mbili, na mpangaji wa zamani ndiye aliyetustua: duka la pembeni lilikuwa la dobi kwa miaka mingi, dobi wa kusafisha nguo bila maji. Kazi hiyo kwa desturi hutumia kimiminika kiitwacho perikloroethilini, ambacho kikivuja hupenya hata kwenye sakafu ya zege, hushuka kwenye udongo na maji ya chini, na huweza kukaa huko miongo. Mashine zikishaondoka, kilichovuja kinabaki, na mara nyingi mzigo wa kusafisha humwangukia mwenye ardhi. Tuliomba ruhusa ya kupima udongo kabla ya kununua. Muuzaji alikataa. Tukaaga. Gharama ya mwanasheria mtaiona kwenye hesabu, na naomba asiwepo wa kuihesabu kuwa hasara.

Nakuja kwenye maombi ya kamati.

Tunaomba gawio la mwaka huu liwe nusu ya la mwaka jana, na nusu nyingine iende kwenye kugawa eneo la supamaketi. Najua wapo wastaafu miongoni mwetu ambao gawio hili kwao ni ada za wajukuu na dawa. Wawili wamenieleza mahesabu yao ya nyumbani mstari kwa mstari, na sikuwa na jibu la kuwafariji. Tungeweza kukopa badala yake. Lakini tukiwa karibu na ule mstari wa benki, mkopo mpya ungeweza kutugharimu kituo kizima. Tunaomba pia mamlaka ya kupanga tarehe za mwisho za mikataba zipishane, maana kwa sasa sita zinaisha ndani ya mwaka mmoja, na hiyo ni hatari ileile ikija kwa mlango mwingine. Mwisho, tunaomba iwe kanuni ya chama kwamba hakuna jengo litakalonunuliwa kabla mikataba yote haijasomwa nzima na wanachama wasiopungua watatu, na kila mpangaji hajathibitisha kwa maandishi analipa kiasi gani, ana amana kiasi gani, na ameahidiwa nini na mwenye jengo wa sasa.

Mafundi wanaingia Jumatatu. Wanachama wanaotaka kuliona eneo kabla kuta hazijapanda, tukutane mlango wa nyuma, upande wa mzigo, kesho saa nne asubuhi. Michoro nitakuwa nayo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti