Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: ruzuku ya umeme imfuate mwananchi, isifuate nguzo

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Naomba nianze kwa kujitambulisha. Mimi ni fundi wa umeme wa jua wilayani Sengerema, mkoani Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne wa kupanda mapaa ya watu nikiwa na waya begani. Siwakilishi kampuni wala chama chochote. Nakuandikia kwa sababu ya hesabu moja niliyoifanya nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mteja wangu, hesabu ambayo tangu siku hiyo imekataa kunitoka kichwani.

Mteja huyo ni mama mjane anayeishi na wajukuu watatu. Nguzo ya mwisho ya umeme katika kijiji chao iko hatua mia tatu na themanini kutoka mlangoni kwake, nimezihesabu mwenyewe. Aliposubiri nguzo ya pili bila kuiona, alichukua sola ya mkopo: paneli ya wati 20 isiyozidi ukubwa wa sinia la pilau, betri ndogo, taa tatu na sehemu ya kuchajia simu. Analipa shilingi 800 kila siku kwa simu, na asipolipa kifaa kinajifunga chenyewe, nyumba inarudi gizani hata kama jua limewaka mchana kutwa. Mkataba ni wa miaka miwili, maana yake ni kwamba atakapomaliza atakuwa ametoa shilingi 584,000. Kifaa cha namna ile ile, ukienda na fedha taslimu madukani Mwanza mjini, unakipata kwa kitu kama shilingi 300,000.

Sasa tupime umeme wenyewe. Paneli ya wati 20 ikipata saa tano za jua zuri inatoa wati-saa 100 kwa siku, ambazo kwa mwezi ni uniti 3 (uniti moja ni wati-saa 1,000), tena hapo sijatoa zile zinazopotea kwenye betri. Kwa uniti hizo 3 mama huyu analipa shilingi 24,000 kwa mwezi, yaani shilingi 8,000 kwa uniti moja. Jirani yake aliyeko chini ya nguzo, akiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, ananunua uniti kwa shilingi 100, na ukiongeza kodi na tozo zinazokatwa kwenye Luku haizidi shilingi 122 hivi. Uniti 3 kwake ni shilingi 366, fedha isiyofika bei ya soda.

Nakiri kwamba hesabu hii inamwonea kidogo muuzaji wa sola, kwa kuwa ndani ya ile shilingi 800 mna gharama ya taa, betri, usafirishaji na hatari ya kumkopesha mtu asiye na dhamana. Lakini hata ukiikata nusu, na kisha ukaikata nusu tena, bado mwenye nyumba ya mbali analipa uniti kwa bei ambayo sidhani kama yuko mtu Masaki au Oysterbay anayeilipa.

Katika mijadala kuhusu umeme wa jua nimesikia pande mbili zikishindana bila kukutana. Upande mmoja unasema sola ni ghali, na kwamba bila ruzuku isingesimama hata siku moja. Upande mwingine unajibu kuwa bei ya paneli duniani imeshuka kwa takriban asilimia 90 tangu mwaka 2010, kwa hiyo sola sasa ndiyo umeme wa bei nafuu kuliko wote na haihitaji kubebwa. Kwa mtazamo wa fundi, kila upande umeshika kipande cha ukweli. Paneli kweli imekuwa rahisi. Nilipoanza kazi hii ilikuwa kitu cha kufungiwa ndani usiku, na leo watoto wanaianikia nguo. Kilichobaki ghali ni fedha ya kuinunulia. Umeme wa jua hulipiwa wote siku ya kwanza, miaka yote ijayo ikiwa ndani yake, na mtu asiye na akiba hulazimika kuununua kwa mkopo ambao riba yake inameza unafuu wote ulioletwa na viwanda vya China. Ndiyo maana yule mama hajaiona hiyo asilimia 90.

Wanaosema kwamba sola isibebwe na Serikali wanasahau jinsi nguzo ilivyobebwa. Mwaka 2022, baada ya ada za kuunganishiwa umeme kurekebishwa, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo alitakiwa kulipa shilingi 320,960, wakati mwenzake wa kijijini aliendelea kulipa shilingi 27,000. Tofauti ya hapo ni shilingi 293,960, na hiyo ni kabla hatujagusa gharama ya laini ya msongo wa kati, transfoma na nguzo zilizokuja kutoka barabarani hadi kijijini. Silalamikii ruzuku hiyo hata kidogo. Nimeona vinyozi, mafundi wa kuchomelea na akina mama wa juisi wakifungua shughuli zao ndani ya mwezi mmoja wa umeme kuwaka, na ningekuwa mtovu wa shukrani kama ningesema Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, haujaibadili nchi hii. Ninachoomba uone, Mheshimiwa Waziri, ni kwamba tofauti ile ya shilingi 293,960 karibu inalingana na bei taslimu ya kifaa cha yule mama. Anayeishi chini ya nguzo amepewa. Anayeishi hatua mia tatu na themanini mbele yake ameambiwa ajitegemee.

Na fedha hiyo yeye pia ameichangia. Tozo ya mafuta inayoingia kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini ilipandishwa mwaka 2015 kutoka shilingi 50 hadi shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, na kwenye mafuta ya taa ikapanda zaidi. Miaka minne kabla ya hapo ushuru wa mafuta ya taa ulikuwa umeshapandishwa kwa kiasi kikubwa ili kuzuia uchakachuaji, kwa sababu wajanja walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa jema, lakini aliyekuwa akiwasha koroboi usiku hakuwa mchakachuaji, naye alilipa vilevile. Kwa miaka kadhaa, kila chupa ya mafuta ya taa iliyonunuliwa gulioni ilichangia nguzo zilizokwenda kusimama kwa mtu mwingine.

Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshatangazwa kufikiwa na umeme. Lakini umeme kufika kijijini na umeme kufika nyumbani ni mambo mawili. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na vingi bado vinasubiri zamu yao. Huku kwetu Kanda ya Ziwa watu hawakai pamoja. Kila mmoja amejenga katikati ya shamba lake la mihogo, na nyumba kumi zinaweza kuchukua eneo ambalo mjini lingekuwa kata. Kumpelekea kila mmoja wa watu hao nguzo, ili awashe taa tatu na kuchaji simu, ni kutumia mamilioni kwa ajili ya uniti zisizojaza viganja. Kwa nyumba za namna hiyo ningeomba ruzuku itolewe kwenye kifaa badala ya nguzo, ama kwa kulipia sehemu ya bei, ama, na hii ndiyo ningeipendelea, kwa kuipunguza ile riba kupitia SACCOS na benki zilizoko wilayani.

Utaratibu wenyewe si mgeni kwa Serikali. Wakala huo huo wa Nishati Vijijini umekuwa ukiuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya asilimia 50, ukiwa ni utekelezaji wa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Mwananchi anakwenda na kitambulisho cha taifa, anaandikishwa, analipa nusu, anaondoka na mtungi wake kichwani. Kama inawezekana kwa jiko, sioni kwa nini ishindikane kwa taa.

Yako mambo ambayo ruzuku hiyo haitayaweza, na ni vyema niyataje mimi mwenyewe ninayeishi kwa kuuza sola. Paneli ya wati 20 haisagi mahindi wala haipiki ugali. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga anahitaji nguzo, tena yenye njia tatu, na zahanati yenye jokofu la chanjo inahitaji mfumo mkubwa unaofungwa na mtu anayejua anachokifanya. Wanaotangaza kwamba sola itachukua nafasi ya gridi wanatuharibia kazi sisi mafundi, kwa sababu mteja aliyeahidiwa televisheni na pasi kwa paneli moja hurudi kwangu akiwa na hasira, na kampuni iliyomwahidi huwa imeshahama.

Hapo ndipo ninapoomba ukali wa Serikali pia. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea paneli iliyoandikwa wati 100 mgongoni. Niliipima saa sita mchana, jua likiwa la utosi, ikatoa wati 41. Betri aliyouziwa nayo ilikuwa imevimba tumbo kama chura, na haikuwa na miezi minane. Ruzuku ikitolewa bila Shirika la Viwango kusimama mlangoni, fedha ya umma itaishia kununua bidhaa za namna hiyo, na baada ya miaka miwili tutaambiwa kwamba sola ilijaribiwa ikashindwa. Betri zilizokufa nazo zinahitaji pa kwenda. Kwa sasa zinatupwa chooni au zinapasuliwa na watoto wanaotafuta madini ya risasi ya kutengenezea vizito vya nyavu.

Kuna na suala la kodi, ambalo nalipitia haraka kwa kuwa si lako peke yako. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 imesamehe paneli, kontrola, invata, taa na betri za sola, na tunashukuru. Waya, swichi, feni na jokofu linalotumia umeme huo huo havimo kwenye orodha hiyo, hivyo vinabeba asilimia 18. Ni kama kumsamehe mtu kodi ya baiskeli ukamtoza ya minyororo.

Linalohitaji maneno zaidi ni gridi ndogo, yaani mtambo unaowasha kijiji au kisiwa peke yake bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Kisiwani Ukara, wilayani Ukerewe, mwaka 2016 mtambo wa jua ulianza kuwasha taa Bwisya, na wengi wetu tulidhani njia ya visiwa imepatikana. Bei za gridi hizo zilikuwa juu, kwa wengi zaidi ya shilingi 1,000 kwa uniti, na wananchi walilalamika kwa haki kabisa. Mwaka 2020 likatoka agizo kwamba wenye gridi ndogo wote wauze kwa shilingi 100, sawa na bei ya TANESCO vijijini. Mwananchi alifurahi, nami ningefurahi. Lakini TANESCO inauza kwa bei hiyo kwa sababu mteja wa matumizi ya kawaida wa mjini anaifidia kwa shilingi 292 anazolipa kwa uniti, ilhali mwenye gridi ndogo kisiwani hana mteja wa Kariakoo wa kumfidia. Bei ilishushwa, pengo likaachwa wazi. Ikiwa tunakubaliana kwamba mvuvi wa Ukerewe asilipe zaidi ya mkulima wa Magu, basi pengo hilo lijazwe na Mfuko ule ule unaojaza pengo la nguzo, na bei iwe moja kwa wote bila kumfilisi yeyote.

Nimeacha mabadiliko ya tabianchi yaje mwisho kwa makusudi. Wageni wanaotutembelea hupenda kuanzia hapo, na wakati mwingine huongea na mama mwenye koroboi kana kwamba ni yeye aliyechafua anga ya dunia. Taifa limeahidi kupunguza ongezeko la hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, na ahadi ni deni, lakini kwangu mimi hiyo si sababu ya kumpa maskini ruzuku ya sola. Kwetu tabianchi ni suala la maji. Oktoba 2015 mabwawa yalikauka kiasi cha mitambo ya maji kuzimwa, na mwaka 2022 mgao ukarudi kwa sababu hiyo hiyo. Sasa tumejenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kazi ya kujivunia, na kwa hilo tumeweka sehemu kubwa ya umeme wetu kwenye mvua za bonde moja la Rufiji. Mtambo wa jua wa Kishapu, Shinyanga, ulioanza na megawati 50, ni mwanzo mzuri wa kugawa hatari hiyo, kwa kuwa mwaka wa ukame ndio mwaka ambao jua halikosekani. Paneli za vijijini, hata zikiwa ndogo kama masinia, ziko upande huo huo wa mizani.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu walishaiacha karabai ya mafuta na kuhamia taa za betri zinazochajiwa kwa jua, wala hawakusubiri semina. Walipiga hesabu ya mafuta ya usiku mmoja wakaona. Lakini mvuvi ana mauzo ya kila siku ya kununulia kifaa. Mjane wa mihogo anauza mara mbili kwa mwaka.

Ukipata nafasi ya kuja Sengerema, niko tayari kukupeleka kwake kwa pikipiki. Atamaliza deni lake mwezi wa nane mwakani, akijaliwa kutokosa shilingi 800 hata siku moja. Betri yake, kwa ninavyozijua betri za namna ile, itahitaji kubadilishwa mwaka unaofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa umeme wa jua,
Sengerema.