Kiungo cha taya kisikimbiziwe kisu

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanaoumwa kiungo cha taya, kile kilicho mbele ya sikio, ambao mara nyingi huambiwa wavumilie tu au hutishwa kwa upasuaji mkubwa. Wengi hupata nafuu kwa chakula laini, mazoezi ya taya, dawa za maumivu na kifaa cha kuvaa juu ya meno usiku. Wasiopona wanaweza kuoshwa kiungo, njia iliyoelezwa mwaka 1991: sindano mbili huingizwa kwa ganzi, maji ya chumvi yakaingia kwa moja na kutokea kwa nyingine, yakiondoa kemikali za uvimbe na kulegeza kisahani kilichonata (kile kipande laini kati ya mifupa ya kiungo), na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Upasuaji wa wazi, yaani wa kukifungua kiungo kwa kisu, una wagonjwa wake, lakini hakika haustahili kutangulia.

Msomaji wenu